Alama ndogo ya GMAT: kurudia mtihani, kubadili chuo au kubaki nyumbani?

KATIKA soko la shahada za biashara, alama ya mtihani wa GMAT ni sawa na bei ya kufungulia mnada. Haisemi mzigo utauzwa kwa kiasi gani mwishoni, lakini ikianza chini mno baadhi ya wanunuzi hugeuka na kuondoka kabla gunia halijafunguliwa.

Hilo huwakumba vijana wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kampala wanaofanya kazi kwenye mabenki, kampuni za ukaguzi wa hesabu na za simu, ambao hulipa ada ya mtihani huo kutoka kwenye mishahara yao wakitarajia kwenda kusoma MBA Ulaya au Marekani. Alama zikitoka pungufu, uamuzi mara nyingi hufanywa ndani ya siku mbili tatu, tena kwa hasira au kwa aibu. Mmoja hulipia mtihani mwingine palepale. Mwingine huzika mpango mzima. Wa tatu, na huyu ndiye aliye hatarini kuliko wote, hukubali chuo chochote kitakachomwita na kuuza kiwanja ili alipe karo.

Lolote kati ya hayo linaweza kuwa sahihi au kuwa hasara, kutegemea hesabu iliyofanywa kabla yake. Hesabu yenyewe si ngumu kwa mtu aliyesoma biashara. Tatizo ni kwamba wengi wanaowafanyia wateja wa benki hesabu za namna hiyo kila siku hawazifanyi kwa ajili yao wenyewe.

MTIHANI WENYEWE

GMAT si mtihani wa biashara. Hauulizi lolote kuhusu mizania, hisa wala masoko. Chimbuko lake ni Marekani mwaka 1953, vyuo tisa vya biashara vilipokutana kutafuta kipimo kimoja cha waombaji waliotoka vyuo mbalimbali, na watahiniwa wa kwanza waliufanya mwaka 1954. Tangu hapo vyuo vyenyewe vimebishana juu ya thamani yake. Harvard iliacha kuudai mwaka 1985, kisha ikaurudisha katikati ya miaka ya 1990. Anayeichukulia alama yake kama hukumu ya akili yake akumbuke kwamba chuo hicho maarufu kiliendesha shughuli zake kwa miaka kumi hivi bila kuidai.

Toleo linalotumika sasa lilianza Novemba 2023, na la zamani likasimamishwa mwishoni mwa Januari 2024. Lina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha na ufahamu maswali 23, na uchambuzi wa takwimu maswali 20. Alama ya jumla huanzia 205 hadi 805. Insha imeondolewa, jiometri imeondolewa, na maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza nayo yameondolewa.

Hapo ndipo inapoanzia hasara ya kwanza. Vitabu vya mitumba na nakala za fotokopi zinazopita mkono hadi mkono, nyingi ni za toleo la zamani. Mtu anaweza kumaliza miezi miwili akikariri pembetatu na kanuni za sarufi ambazo hazitaulizwa, halafu akakutana na sehemu ya takwimu, yenye majedwali, grafu na maelezo ya kusomwa kwa pamoja, akiwa mgeni kabisa. Kabla ya kusema ameshindwa, inafaa ajiulize alikuwa amejiandaa kwa mtihani upi.

Hasara ya pili iko kwenye mizani. Kaka au dada aliyesoma nje miaka kumi iliyopita atamwambia mdogo wake kwamba bila 700 asihangaike. Hiyo 700 ilikuwa ya mizani ya zamani. Kwa mujibu wa jedwali la ulinganisho lililotolewa na wenye mtihani, 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya wakati ule, na 555 iko karibu na katikati ya watahiniwa wote. Aliyepata 615 akadhani amepungukiwa pointi 85, kwa kweli amepungukiwa pointi 30. Ni kama kulinganisha bei ya gunia la kawaida na bei ya lumbesa: jina ni gunia, uzito si mmoja.

POINTI ZIMEPOTELEA WAPI

Ripoti ya matokeo hutoa alama ya kila sehemu, kuanzia 60 hadi 90, na sehemu zote tatu zina uzito sawa. Ukizijumlisha unapata kati ya 180 na 270. Nafasi hiyo ya pointi 90 ndiyo inayotandazwa juu ya pointi 600 za alama ya jumla, kwa hiyo pointi moja ya sehemu yoyote ina thamani ya pointi sita hadi saba za jumla.

Chukua mfano wa ofisa mikopo aliyepata 74 kwenye hesabu, 82 kwenye lugha na 78 kwenye takwimu. Jumla ni 234, na alama yake ni 565. Ili afike 645 anahitaji jumla ya 246, yaani pointi 12 zaidi. Pointi 80 za jumla zinatisha kuzisikia, lakini pointi 12 zinaweza kutafutwa moja moja.

Zitoke wapi? Lugha 82 tayari iko juu ya wastani wa sehemu hiyo, ambao ni karibu 79. Takwimu 78 iko juu ya wastani pia, kwa sababu watahiniwa wengi huangukia hapo na wastani wake ni kama 74 au 75. Hesabu ndiyo iliyomwangusha: wastani ni karibu 78 naye ana 74. Pointi nane za hesabu na nne za takwimu zingemfikisha anakotaka bila kugusa lugha kabisa.

Na hesabu zenyewe ni za sekondari. Asilimia, uwiano, aljebra, kasi na muda, namba shufwa na witiri. Waliosoma mchepuo wa ECA kidato cha tano na sita walipita kwenye BAM na wameyaona yote hayo, ila miaka saba minane ya kutumia Excel huufanya mkono usahau kugawanya sehemu kwa sehemu, na katika sehemu ya hesabu kikokotoo hakiruhusiwi. Kinaruhusiwa kwenye takwimu tu. Upungufu wa namna hii huzibika kwa wiki nane hadi kumi za jioni, kwa mtu anayefanya mazoezi kweli.

Upungufu wa lugha ni habari nyingine. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akaanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza anaweza kuandika ripoti nzuri ya benki na bado akachelewa kwenye aya nzito yenye hoja tatu zilizofichana. Kasi hiyo hainunuliwi kwa mwezi mmoja wa masomo ya ziada, bali huja kwa kusoma makala ndefu kila siku kwa miezi mingi. Mwenye upungufu wa aina hii anayelipia mtihani wa marudio baada ya wiki tatu anaichezea kamari fedha yake.

Kuna na suala la saa. Dakika 45 kwa maswali 21 ni kama dakika mbili na sekunde nane kwa swali. Kompyuta hupima uwezo wa mtahiniwa wakati mtihani unaendelea: akipatia huletewa gumu zaidi, kwa hiyo anayeona maswali yanazidi kuwa magumu huenda anafanya vizuri. Asiyejua hivyo hung'ang'ania swali moja dakika tano, na maswali ya mwisho yanayoachwa bila jibu humshusha. Siku hizi mtahiniwa anaweza kurudi na kubadili hadi majibu matatu katika kila sehemu, ruhusa ambayo toleo la zamani halikuwa nayo.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kulinganisha alama halisi na alama za mazoezi. Wenye mtihani hutoa bure kwenye tovuti yao mitihani miwili kamili ya majaribio. Kama huko nyumbani mtu alikuwa akipata 635 na 645, kisha siku yenyewe akapata 565, tatizo liko kwenye siku: usingizi, woga, au basi la usiku kucha kutoka Mbeya. Huyo arudie mapema. Kama mazoezi yalikuwa 555 na 575, mtihani umemwambia ukweli, na kurudia baada ya wiki mbili ni kulipia kuambiwa ukweli uleule mara ya pili. Kama hakufanya jaribio hata moja, na wapo wengi wa namna hiyo, basi alitumia ada kamili kufanya zoezi ambalo angelifanya bure.

Kipimo chenyewe nacho huyumba. Kwa toleo la zamani ilielezwa kwamba alama inaweza kupanda au kushuka kwa pointi 30 hadi 40 bila ujuzi wa mtu kubadilika. Mwenye 625 anayetafuta 645 anaweza kusaidiwa na bahati, lakini mwenye 505 hawezi.

MNUNUZI ANATAKA NINI

Vyuo hutangaza alama ya katikati ya darasa jipya. Wanafunzi wa Harvard walioingia mwaka 2023 walikuwa na alama ya katikati ya 740 kwa mizani ya zamani. Waombaji wengi huisoma namba hiyo kama sharti la kuingia, kumbe maana yake ni kwamba nusu ya waliochukuliwa walipata 740 au chini yake. Hata hivyo isisomwe kwa upande wa pili pia: walioingia wakiwa chini ya katikati kwa kawaida walikuwa na kitu kingine kizito cha kuonyesha, na kuwa Mwafrika mwenye kazi nzuri benki si kitu adimu kama wengine wanavyodhani.

Mfanyabiashara wa kahawa atalielewa jambo hili haraka. Kahawa ya mnada wa Moshi hupangwa kwa ukubwa wa punje, AA, AB na kuendelea, na daraja hilo huathiri bei. Lakini mnunuzi makini hanunui kwa kutazama chekeche peke yake, huonja kikombe. Alama ya GMAT ni chekeche. Kazi aliyoifanya mtu, matokeo yake ya shahada ya kwanza, insha zake na barua za mapendekezo kutoka kwa wakuu wake ndizo kikombe.

Chekeche lina nguvu kwa sababu moja inayotajwa mara chache. Wanaopanga vyuo kwa ubora, kama U.S. News ya Marekani, huzihesabu alama za GMAT na GRE za wanafunzi wapya. Mwanafunzi mwenye alama ndogo hushusha wastani wa chuo na mwenye alama kubwa huupandisha. Kwa hiyo vyuo vyenye fedha huzitumia kuwavuta wenye alama kubwa kwa kuwapa ufadhili. Ufadhili wa aina hii, hata ukiitwa kwa jina zuri, ni punguzo la bei kwa mteja anayetakiwa.

Matokeo yake ni kwamba kwa mwombaji wa Afrika Mashariki alama ndogo haifungi mlango mara nyingi kama inavyopandisha kiingilio. Chuo cha daraja la kati kinaweza kumchukua mwenye 565 kwa karo kamili, na kikamchukua huyohuyo mwenye 645 kwa karo iliyopunguzwa. Barua ya kukubaliwa ni ileile, tofauti iko kwenye ankara.

HESABU YA FEDHA

Karo ya MBA ya Harvard kwa mwaka wa masomo 2024/25 ilikuwa dola 76,410. Kwa miaka miwili, kama haikupanda, ni dola 152,820. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,600, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 397, kabla ya chakula, pango na bima. Ofisa wa mfano wetu, tuseme mshahara wake ni shilingi milioni 2 kwa mwezi, ataacha nyuma milioni 48 nyingine kwa miezi 24 ya kutokuwa kazini.

Upande wa pili, ada ya mtihani kwenye kituo ilikuwa dola 275 kwa Marekani mwaka 2024, na kwa kadirio lile lile ni shilingi 715,000. Si fedha ndogo. Ni zaidi ya theluthi ya mshahara wake. Lakini punguzo la karo la dola 20,000 ni shilingi milioni 52. Hata kama nafasi ya kulipata baada ya kurudia ni moja kati ya kumi, thamani yake ni milioni 5.2, yaani mara saba ya ada. Kwa mtu aliyejua pointi zake 12 zimepotelea wapi, marudio ya kwanza ni biashara nzuri. Ya pili yafikiriwe. Ya nne na ya tano, alama ikiwa imegota palepale, hayana hesabu ya kuyatetea.

Aibu isiingizwe kwenye hesabu hii. Mtahiniwa huona alama yake kwanza ndipo aamue kuituma, na chuo hupokea ile tu aliyoituma.

Kinachopaswa kuogopwa ni deni. Zipo kampuni zinazowakopesha wanafunzi wa kigeni bila mdhamini, kama Prodigy Finance ya London iliyoanzishwa mwaka 2007, na vipo vyuo vyenye mipango yao ya mikopo. Mkopo wa dola 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa miaka 10 hudai marejesho ya takriban dola 1,320 kila mwezi, sawa na shilingi milioni 3.4. Anayerudi nyumbani kwa mshahara wa shilingi milioni 5 anakula 1.6. Na deni liko kwenye dola wakati mshahara uko kwenye shilingi. Mwaka 2024 dola iliwahi kupita shilingi 2,700 kabla ya kushuka tena. Mkopo wa namna hiyo hulipika kwa mtu mwenye uhakika wa kufanya kazi inayolipa kwa dola au pauni kwa miaka kadhaa.

Uhakika huo umepungua. Juni 2025 Marekani iliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya viza, za wanafunzi zikiwamo, na Desemba mwaka huohuo Tanzania ikaongezwa kwenye tangazo lililoanza kutumika Januari 1, 2026. Uingereza nayo, tangu Januari 2024, haimruhusu mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya darasani, MBA ikiwamo, kuja na mke, mume au watoto. Mtu wa miaka 33 mwenye familia asiyelitazama hilo mapema anaweza kupata alama aliyoitaka na bado akakwama. Kurudia mtihani ili kuingia nchi ambayo viza yake haieleweki ni kuongeza mtaji kwenye duka ambalo barabara yake imefungwa.

MILANGO MINGINE

GRE unakubaliwa na karibu vyuo vyote vikubwa vya biashara. Stanford ilianza kuupokea mwaka 2006 na Harvard mwaka 2009. Tangu Septemba 2023 ni mtihani wa saa moja na dakika 58, wenye alama 130 hadi 170 kwa hesabu na hizohizo kwa lugha. Kikokotoo kinaruhusiwa kwenye hesabu, jambo linalomfaa ofisa wetu. Msamiati wake wa Kiingereza, kwa upande mwingine, ni mgumu na wa vitabuni. Aliyeangushwa na hesabu za mkono anaweza kunufaika kwa kuhama. Aliyeangushwa na lugha atakuwa ameruka majivu na kukanyaga moto. Jaribio moja la mazoezi nyumbani litamwonyesha kabla hajalipa.

Kwa wenye uzoefu wa miaka mingi upo mtihani mfupi wa dakika 90 ulioanzishwa mwaka 2016 na hao hao wenye GMAT, unaoitwa Executive Assessment, wenye alama 100 hadi 200. Ulikusudiwa kwa MBA za wakuu wa kazi, lakini vyuo kama Columbia na NYU Stern vya New York vimekuwa vikiukubali hata kwa MBA ya kawaida.

Kuna pia msamaha wa mtihani, ulioenea mwaka 2020 wakati wa Uviko-19 na ambao baadhi ya vyuo viliendelea nao. Wengi huukimbilia kama njia ya mkato. Anayesamehewa mtihani huchunguzwa zaidi kwenye mengine, na chuo kitataka kuona uwezo wake wa hesabu mahali pengine: matokeo mazuri ya takwimu na uhasibu chuoni, au leseni ya kitaaluma kama CPA. Mwenye CPA ya NBAA na daraja la juu ana la kuonyesha. Mwenye daraja la chini bila leseni anaomba asipimwe kwa lolote, na hilo huonekana.

Halafu kuna nyumbani, ambako wengi hukutaja mwisho kana kwamba ni adhabu. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe, ESAMI ya Arusha na Strathmore ya Nairobi, ambayo shule yake ya biashara ilianzishwa mwaka 2005, zinajulikana vizuri na waajiri wa eneo hili. Mbali zaidi kuna Lagos Business School ya mwaka 1991, na shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Cape Town yenye ithibati tatu kubwa za kimataifa za AACSB, EQUIS na AMBA.

Uamuzi hapa hutegemea shahada inatakiwa ifanye kazi gani. Anayetaka kuwa meneja wa tawi au mkuu wa idara ya mikopo Dar es Salaam atapata alichokitaka kwa MBA ya jioni akiwa bado kazini, na mshahara wake hautakatika hata mwezi mmoja. Kumpeleka huyo Marekani kwa deni la dola 100,000 ni kununua lori la kubebea mkate. Anayetaka kuhamia kwenye ushauri wa kimataifa au benki za uwekezaji za London hali yake ni tofauti, kwa sababu kampuni hizo huajiri kupitia vyuo wanavyovijua, na MBA ya jioni haitamfikisha huko. Huyo ndiye mwenye sababu ya kusubiri mwaka na kurudia vizuri.

Katikati yao kuna wanaofaa kutazama kozi fupi. MBA ya INSEAD huchukua miezi kumi badala ya miaka miwili, hivyo mishahara inayopotea ni michache. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hugharimia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa mwenye uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, kwa sharti la kurudi nyumbani na kukaa miaka miwili. Wenyewe haudai GMAT, ingawa chuo kinaweza kuidai, na kwa MBA una kikomo cha karo unayoilipa. Wapo waliochagua shahada ya fedha au uchumi badala ya MBA kwa sababu hiyo hiyo.

Vyuo vya kigeni visivyojulikana, hasa vinavyojitangaza kwamba havina mtihani, havina mahojiano na vina punguzo kwa watakaolipa wiki hii, vipitishwe kwanza kwenye Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo ndiyo inayotambua shahada za nje. Kuuliza kabla ya kulipa karo ni nafuu kuliko kuuliza cheti kikiwa mkononi.

KALENDA

GMAT unaweza kurudiwa baada ya siku 16, na si zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. GRE ni siku 21. Alama za mitihani yote miwili hudumu miaka mitano, kwa hiyo anayesubiri mwaka mmoja hapotezi alichokwisha kukipata. Vyuo vingi vikubwa hupokea maombi kwa duru, ya kwanza Septemba na ya pili mwanzoni mwa Januari. Duru za mwisho, Aprili hivi, hukuta nafasi chache na fedha za ufadhili zimeshagawanywa, na kwa mtu wetu mwenye haja ya punguzo ni afadhali asubiri Septemba kuliko kuomba Aprili.

Aliyefanya mtihani Novemba 20 anaweza kurudia kuanzia Desemba 6 na bado akawahi Januari, kama tatizo lake lilikuwa la siku ile. Mwenye kuhitaji wiki kumi za hesabu hawezi, na asijidanganye. Anayeamua kufanya mtihani nyumbani kwa kompyuta ahakikishe umeme na intaneti ya akiba, na jina analojiandikisha lilingane na la kwenye kitambulisho herufi kwa herufi. Barua za mapendekezo ziombwe kabla ya Desemba 15, kwa sababu baada ya hapo bosi anayepaswa kuziandika atakuwa njiani kwenda Kilimanjaro kula Krismasi, na simu yake haitapatikana hadi Januari 5.